Maji Tu, Tafadhali

Tulimzika Unencan msimu wa mvua ulipoanza, na udongo wa Bunia ulikuwa mzito hata vijana waliochimba kaburi walipokezana koleo huku wakihema. Nilikuwa nimetoka Komanda alfajiri, nyuma ya pikipiki, viatu vyangu vya heshima nimevifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili visiharibike njiani. Baada ya mazishi tulikaa matangani chini ya turubai, sisi wazee wachache tuliosoma naye darasa moja, tukanywa chai na kutajiana magonjwa yetu. Nyuso zetu zilikuwa bado za msiba. Kisha mmoja wetu, kwa Kiswahili chetu cha Bunia ambacho maji huitwa mayi, akasema, “Munakumbuka ile siku ya mayi?” Walicheka mpaka wakashika mbavu, na jamaa wa marehemu wakageuka kututazama wakidhani tumelewa. Nilicheka nao, kwa kuwa asiyecheka pale angeulizwa ana nini. Lakini masikio yangu yalipata moto ule ule wa zamani, nikainamisha uso ndani ya kikombe. Wenzangu wameigeuza siku ile kuwa kichekesho. Mimi, na mvi hizi kichwani, bado naona haya.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, katika miaka ile ya sabini ambapo bei ya kahawa ilipanda na kila mtu Bunia alitembea haraka kidogo kuliko kawaida. Nililala sebuleni kwa dada yangu Masika, mtaa wa Lumumba, kwenye mkeka ambao niliukunja kila asubuhi kabla shemeji hajatoka chumbani. Chumba chao na sebule vilitenganishwa na pazia la kitenge tu, na pazia halikuzuia maneno. Jioni moja, mwaka wa shule ukiwa ndio kwanza umeanza, nilikuwa napanga sahani nikamsikia shemeji akisema, “Akimaliza masomo, arudie Komanda. Kule kwa muyomba wenu kuko kazi ya kuuzisha. Hapa nyumba iko kidogo.” Masika akasema, “Na kama anapata kazi hapa mujini?” Shemeji akacheka, wala si kwa ubaya. “Akipata, abakie.” Tangu jioni ile nilikuwa na jambo ninalolitaka kuliko yote: kazi, kazi yoyote ya mjini, nisirudi kwa mjomba, kupigiwa honi na madereva wa malori kwenye njia panda ya Komanda. Sikumwambia mtu. Msichana anayelelewa katika nyumba ya watu hatangazi anachokitaka. Hufanya kazi vizuri na kungoja wakubwa wamwone. Basi nilifagia, nikachota maji, nikambeba mtoto wa Masika mgongoni, nikangoja.

Kiingereza tulifundishwa na Mamzeli Edith. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwa na mume, na kwa sababu Kifaransa chenyewe cha neno hilo kilikuwa kirefu mno kwa watu wenye haraka. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye sweta moja ya rangi ya majani makavu, na alikunywa chai bila sukari, jambo ambalo sisi tulilihesabu kama ugonjwa. Mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na mwaka wa shule. Siku moja mwenye hoteli iliyokuwa kwenye barabara kubwa, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuja shuleni kuzungumza naye, mwalimu mkuu akiwatafsiria. Wanunuzi wa kahawa kutoka Nairobi na marubani wa ndege ndogo walikuwa wanafika kwake, wanaketi, wanasema Kiingereza, na hakuna anayewaelewa, mwisho wanagonga meza kwa hasira. Patron, kama tulivyomwita, alitaka msichana wa kuwapokea, kuwauliza watakula nini na kusema nao vizuri. “Mumoja tu,” alisema, akiinua kidole. Mamzeli alipotueleza habari hiyo alinitazama mimi, na darasa zima likanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza tangu alipokuja. Niliangalia dawati langu, wasije wakaona ninavyoitaka kazi ile.

Kuanzia wiki ile mchana wetu ukawa wa hoteli. Mamzeli aliunganisha madawati, akatandika shuka lake la kitandani, akapanga sahani za bati, kisha akafunga kitambaa kiunoni akawa mhudumu. Alitufundisha kwamba Kiingereza hakisemi leta. Mwenye njaa hasemi ana njaa. Husema I would like, yaani angependa, kana kwamba jambo lenyewe liko mbali na wala halina haraka. Au huuliza kama ingewezekana kupata. Mwishoni huweka please, na kila kitu kinapofika mezani hutoa shukrani: chumvi imekuja, shukrani, kijiko kimekuja, shukrani, hata kijiko kikiondolewa, shukrani. Unencan, msichana wa Mahagi aliyeketi nami dawati moja, mwenye kicheko kipana na Kiingereza chenye matundu mengi, aliinua mkono. “Mamzeli, na kama kuku iko baridi siye tungali tunashukuru tu?” Mamzeli hakukielewa Kiswahili chake. Nilipomtafsiria alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mimi niliyapenda maneno yale, tena niliyapenda sana. Nilikuwa mtu asiyeweza kutamka nataka, na hapa nilikuwa nimepewa lugha nzima ya kutaka bila kuonekana unataka. Niliyarudia njiani, niliyarudia kisimani, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyenishinda.

Jambo moja tu lilitutatiza sote, nalo ni swali la mhudumu. Ungependa kula nini? Kumwuliza mtu mwenye afya yake, mbele ya wenzake, anatamani chakula gani! Kwetu Wanande, kwa kina Unencan Waalur, na katika kila nyumba niliyopata kuijua Bunia, chakula huja kama kilivyopikwa. Anayeulizwa anatamani nini ni mgonjwa peke yake, tena mgonjwa aliyelala siku nyingi, na swali hilo likirudiwa jamaa huanza kutazamana. “Siye si wagonjwa,” Unencan alinong'ona kila Mamzeli alipotuuliza, na safu yetu nzima ilikuwa inauma midomo kuzuia kicheko. Hata hivyo tulijibu bila shida, kwa sababu sahani zilikuwa tupu. Tuliagiza supu ya uyoga, nyama ya kondoo yenye majani ya mnanaa, vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvionja, na Mamzeli aliviandika hewani kwa kidole akasema vinakuja.

Nyumbani nilijizoeza jikoni. Masika alikuwa anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, mimi nimeketi kwenye kigoda nikimenya vitunguu, nikaona nijaribu adabu ile kwa lugha yetu, ambayo dada mkubwa huitwa yaya. “Yaya, ningependa sombe kidogo, kama inawezekana.” Masika aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kunigusa paji la uso. “Weye uko na malaria?” Tulicheka sana. Lakini nilipomwambia kwamba mwisho wa mwaka Mamzeli atatupeleka wasichana wote wa darasa kula hotelini, na kwamba patron atakaa karibu ili achague, aliacha kucheka. Aliazima pasi ya mkaa kwa jirani, akanyoosha gauni langu la kanisani mara mbili. Asubuhi ya Jumamosi yenyewe alinisimamisha mlangoni akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. “Usiende kule na macho ya njala,” alisema. “Wakikuuliza, unakataa. Wakikuuliza tena, unasema umeshiba. Wakikulazimisha, njo unakubali, na unakula kidogo. Usituhaibishe.” Kukataa kwanza, ndipo kukubali: hakuwa ananifundisha kitu kipya, maana nilikua nikiona watu wote wenye heshima wakifanya hivyo. Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba sisi wasichana tulikuwa tumekubaliana kuacha nafasi tumboni, na tangu jana yake mchana sikuwa nimetia kitu mdomoni ila chai.

Chumba cha kulia cha hoteli kilikuwa kikubwa kuliko kanisa letu la mtaani, au ndivyo kilivyoonekana kwangu. Sakafu ilikuwa nyekundu, imepakwa nta, na tulitembea juu yake kwa kunyata. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe vilivyotiwa wanga, na kila mahali pa mtu palikuwa na uma, kisu, kijiko na glasi iliyofunikwa. Nyuma ya mlango wa kubembea ilitoka harufu ya kuku anayekaangwa kwa vitunguu na mafuta ya mawese, na harufu ya samaki wa ziwani, wale wakubwa ambao Bunia tunawaita kapiteni. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaogopa kusema. Patron aliketi meza ya pembeni, shati limefungwa mpaka shingoni kama serikali ilivyotaka siku zile tai za Kizungu zilipopigwa marufuku, mikono ameikunja juu ya tumbo. Kiingereza hakukijua hata neno. Alikuja kutazama tu. Mamzeli Edith alivaa gauni la maua ambalo hatukuwahi kumwona nalo. Alikuwa na furaha ya mtu anayewaonyesha wageni watoto wake mwenyewe. Alituketisha mmoja mmoja, mhudumu akasimama nyuma yake na kalamu, naye Mamzeli akaanza na mimi, kwa kuwa alijua nitamtukuza. Aliniuliza lile swali.

Nilifungua mdomo kusema kuku. Neno lilikuwepo, na maneno yote mazuri ya kuliviringisha yalikuwepo. Lakini sahani safari hii haikuwa tupu ya mchezo. Mbele yangu alikuwapo mwanamke aliyetulipia kwa mshahara wake, pembeni mzee wa watu ananikodolea macho, na wenzangu wote walikuwa wamenyamaza wakingoja kusikia ninatamani nini. Nikaona kwamba nikitaja kuku nitakuwa nimevua nguo. Nikasema, kwa Kiingereza ambacho hata leo najua hakikuwa na kosa, kwamba ningependa glasi ya maji, tafadhali. Mamzeli alitabasamu kwa jinsi nilivyolisema, akauliza, na chakula? Nikasema hapana, ahsante sana, maji tu yanatosha. Nilisubiri aniulize tena. Nilikuwa tayari kusema nimeshiba, na nilikuwa tayari zaidi kwa mara ile ya mwisho, ya kulazimishwa, ambapo ningekubali na kula kidogo. Mamzeli alisita. Kwao, nilikuja kuelewa baadaye, mtu akisema hapana unamwamini, na kumsukuma ni kumkosea. Akamwambia mhudumu aandike maji, akahamia kwa Unencan.

Sasa Unencan angefanya nini? Wa kwanza wa darasa ameomba maji. Kuomba kuku baada ya hapo ni kutangaza kwamba mimi nina adabu naye ana tumbo. Akaomba maji. Aliyefuata akauliza kama ingewezekana kupata maji. Mwingine akasema angeshukuru sana kwa maji kidogo. Meza nzima ilizunguka hivyo, na kila msichana alitumia namna yake tuliyofundishwa mwaka mzima, hakuna aliyerudia ya mwenzake, na namna zote zile nzuri zilileta maji. Wa mwisho, maskini, msichana mnyamavu aliyekaa ukutani, aliomba maji ya moto. Mamzeli mwenyewe, aliyekuwa ametazamia samaki, hakuweza kula peke yake mbele yetu, akaagiza chai. Glasi zikaja. Tulishukuru kila moja kwa zamu yake. Kisha tukaketi mikono mapajani, tukisikia sufuria zinagongana jikoni, na tumbo la mtu fulani likanguruma kwa muda mrefu hata hatukuweza kujifanya hatukusikia. Nilimwona Mamzeli shingo yake inabadilika kuwa nyekundu, wekundu unapanda taratibu mpaka kwenye masikio. Alifikiri hatumpendi. Alifikiri tumekuja kwa kulazimishwa na kwamba hatutaki kuchukua kitu kutoka mkononi mwake. Aliniambia hivyo mwenyewe baadaye, lakini hata saa ile niliona, na sikujua kitu cha kufanya na macho yangu.

Aliyesema kwanza alikuwa patron. Alikuwa akitazama glasi zile, na uso wake ulikuwa umekuwa mgumu. Na hapa lazima nieleze, maana wajukuu wangu hawaelewi ninapofika mahali hapa. Kukataa chakula mwanzoni ni adabu. Lakini kuketi kwenye meza ya mtu, kunusa alichopika, na kutaka kuondoka bila hata mmoja kuonja, ni kumwambia machoni kwamba unamwogopa. Ndiyo maana kwetu mwenye chakula huonja kwanza, mgeni amwone anameza. Patron alisimama, kiti kikakwaruza sakafu. “Nani amewaambia chakula yangu iko na sumu?” alisema, na sauti ile ya ng'ambo ya mto ilijaa chumba kizima. “Semeni! Watoto ya watu wanakuja kwangu, wanakunywa mayi tu kama kwa mulozi! Kesho Bunia yote itasema nini?” Wapishi walichungulia mlangoni. Mamzeli, aliyekuwa haelewi neno ila hasira, alinigeukia mimi, mwanafunzi wake, akaniuliza kwa upole anasema nini.

Maneno yote niliyokuwa nayo yalipita kichwani. Hakukuwa na hata moja linalofaa. Ningemwambiaje kwa please kwamba patron anadhani tunamtuhumu uchawi? Na ningemwambiaje patron kwamba si hivyo, bila kusema sababu ya kweli, yaani kwamba sote tulikuwa tumekaa pale tunaungua njaa na kungoja kubembelezwa? Kulikuwa na sentensi moja ya kutuokoa, fupi kabisa, na niliijua kwa lugha zote. Nilitazama glasi yangu. Nilisikia kiti kando yangu kinasogea, nikajua ni Unencan, nikamwomba Mungu aketi.

“Patron, chakula yako haina sumu,” Unencan alisema. “Siye tuko na njala. Tangia jana hatukukula kitu. Tulikuwa tunangojea mamzeli atulazimishe, na yeye hajuwe kulazimisha. Utuletee kuku.” Kisha akamgeukia Mamzeli, na kwa Kiingereza chake chenye matundu, bila please hata moja, akamwambia kwamba tuna njaa, njaa nyingi, kwamba tumesema hapana lakini ile haikuwa hapana. Alisimama pale amenyooka, jasho likimtoka puani. Mimi nilikuwa namwonea haya kuliko nilivyojionea mwenyewe. Kisha patron akapiga paja lake. “Eh! Watoto ya shule, muko wageni ao muko wafungwa?” akasema, akacheka hata tumbo likatikisa meza, na Mamzeli akaanza kucheka naye, huku akijifuta machozi kwa kitambaa cha meza, na sijui yalikuwa ya nini. Kuku akaja, na samaki, na viazi vya kukaanga. Patron alichukua paja la kwanza kwa mkono wake akalitafuna mbele yetu sote. Tulikula. Nilikula kila kilichowekwa mbele yangu mpaka mifupa, uso nimeuinamisha, na kila tonge lilikuwa tamu na kila tonge liliniaibisha. Tulipokuwa tunatoka patron alitupa mkono mmoja mmoja. Wa Unencan hakuuachia. “Huyu njo anajua kusema na mimi na kusema nao,” alimwambia Mamzeli, na hilo hakuna aliyehitaji kulitafsiri.

Masika alikuwa ananingoja uani. Aliniuliza kama nimekula vizuri, nikasema nimekula. Aliniuliza habari ya kazi, nikasema wamemchukua Unencan. Akanisogelea. “Ulikataa vile nilikuambia?” Nikasema nilikataa. “Na hawakukuuliza tena?” Nikasema hawakuniuliza tena. Masika alisonya kwa uchungu, akasema, “Hawa Wazungu!” akaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Jumatatu Mamzeli alisimama mbele ya ubao. Alikuwa amekwenda kumwuliza mtu, akajifunza sentensi ya Kiswahili, akatuambia samahani, ilinipasa kuuliza tena. Mwalimu mzima, mwenye mvi za mwanzo, anatuomba radhi sisi! Tulitazama sakafu sote. Baada ya kengele aliniita, akaniuliza kwa Kiingereza kama siku ile nilikuwa na njaa. Nikamjibu, kidogo tu. Aliondoka Bunia mitihani ilipokwisha, na sikupata kumwambia kitu kingine.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama wenzangu wanavyoisimulia, na ingekuwa nafuu kuiacha hapo: Wazungu huuliza mara moja, sisi hungoja ya tatu, kazi ikapotea katikati. Ni maelezo mazuri, hayamlaumu mtu. Lakini siku chache kabla ya lori kunirudisha Komanda, mchana, Unencan alikuja Lumumba na kichane cha ndizi mbivu. Tulikaa kwenye mkeka wangu sebuleni. Masika alikuwa nyuma ya pazia, na najua alikuwa hata hapumui. Unencan alimenya ndizi akanipa, hakumenya yake. “Kahindo,” alisema, “nimesema na patron. Nimemuambia weye njo unajua kingereza, miye nitachekesha tu watu halafu nitashindwa. Anasema ni sawa kwake, lakini mumoja tu. Unaitaka?”

“Apana,” nikasema. “Ile iko yako.”

“Sema kweli.”

“Kweli, apana.”

“Niangalie.” Alinishika mkono wenye ndizi. “Miye niko na kwetu Mahagi, baba iko, duka iko. Weye uko na nini? Ukisema ndiyo, naenda sasa hivi kumuambia. Unaitaka, ao hauitaki?”

Aliniuliza mara ngapi, siwezi kusema. Aliuliza kama mtu wa kwetu aulizavyo, akapita hapo, akaendelea kuuliza. Hakuna mtu katika maisha yangu, kabla yake au baada yake, aliyenibembeleza vile. Na kila alipouliza ikawa vigumu zaidi, kwa kuwa kila swali lilinionyesha kwamba ameona. Alikuwa ameijua njaa yangu yote, alikuwa ameketi nayo dawati moja, na kusema ndiyo ingekuwa kukiri kwamba nimekuwa hivyo siku zote, mdomo wazi, nikijifanya nimeshiba. Nikatabasamu. “Miye napenda Komanda,” nikasema. “Nataka kufanya biashara.” Unencan akasema sawa, akamenya ndizi yake, tukala. Alipoondoka, Masika alitoka nyuma ya pazia. Alianza kukunja nguo zangu, moja moja, na kuzipanga ndani ya sanduku.

Nimeishi Komanda. Nina kibanda changu cha chakula pale njia panda, nimelisha madereva tangu wakati wa malori mpaka wakati huu wa pikipiki, na wanapogonga meza wakisema, “Mama, leta ugali!” nawaletea wala sikasiriki. Unencan alifanya kazi hotelini mpaka patron alipofariki, kisha katika ofisi za wageni, na Kiingereza chake kikaziba matundu. Kila alipopita Komanda alikula kwangu. Alikuwa anawaambia wateja wangu, amejaa fahari, kwamba huyu mama mnayemwona ndiye aliyejua Kiingereza kuliko sisi sote, ila yeye alichagua uhuru wake. Nilikuwa najifuta mikono kwenye kitenge na kumwongezea mchuzi.

Siku ile ya mazishi, wenzangu walipokwisha kucheka na kutawanyika, binti yake mkubwa, Neema, alikuja kuketi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Ana macho ya mama yake. Alininyooshea kitenge begani.

“Mama alikuwa anatuambiaka, kazi yake ya kwanza aliachiwa na Mama Kahindo, juu yeye hakuitaka,” alisema. “Ilikuwa vile?”

Ingekuwa rahisi kuitika. Mama yake alikuwa ameishi na habari hiyo, ilimpendeza, na yeye mwenyewe alikuwa chini ya udongo.

“Apana,” nikasema. “Niliitaka. Niliitaka sana.”

Neema alinigeukia. “Na hakukuuliza?”

“Aliniuliza mpaka akachoka.”

“Sasa juu ya nini haukumuambia?”

“Nilikuwa na haya, mwanangu.”

Alikichukua kikombe changu kitupu.

“Angekupatia,” akasema.

“Najua,” nikasema.